Waliopita Jikoni Kwangu Wakitafuta Urais

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua tena. Mahindi ya upande wa kaskazini hayajakauka, na mume wangu Delmar anaizunguka mashine ya kuvunia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimemwita aje anywe kahawa. Kasema mahindi hayakauki kwa kahawa.

Simu saba leo, zote za watu wa wagombea. Mimi ni mwenyekiti wa chama Kata ya Tatu, hapa Holbeck, mwaka wa ishirini na nane sasa. Kwa kuwa Iowa huchuja wagombea kabla ya majimbo mengine yote, kila anayeota Ikulu hana budi kupita kwanza mikononi mwetu sisi wenye buti za matope. Mkutano wa mchujo ni tarehe 19 Januari.

Nimeamua kuandika kila ninachokiona. Miaka minne iliyopita nilimpenda mtu kwa sababu alikumbuka jina la mbwa wetu. Baadaye nikasikia alikuwa na mtu wa kumwandikia majina ya mbwa. Safari hii sitaki kudanganyika.

Alhamisi, 16 Oktoba

Seneta Osgood alikuja kwetu mchana. Watu kumi na watatu sebuleni, supu ya maharage na nyama, mikate ya mdalasini. Ni mwanamke mrefu, sauti yake kama ya mwalimu wa hesabu, na alikula mkate mmoja tu, nusu.

Nilimwuliza lile ninalowauliza wote: hospitali yetu iliyofungwa mwaka juzi, ukiwa Rais itafunguliwa?

Akasema, "Hapana."

Tukangoja aendelee. Akasema mji wa watu elfu moja na mia nne hauwezi tena kulisha hospitali yenye vitanda, na mtu atakayekuja kuniambia vinginevyo atakuwa anataka kura yangu tu. Akasema kuna mambo mengine yanayowezekana, akaanza kuyataja, ila hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena. Dada yangu Verla alisimama, akaenda jikoni, akafungua maji, akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Shemeji yangu Gaylen alifariki Februari. Moyo. Gari la wagonjwa lilitoka maili arobaini, likafika baada ya dakika arobaini na saba. Zamani hospitali ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwao.

Seneta alipoondoka Delmar alisema, "Huyo mama hajui kuomba kura."

"Hajui hata kuomba chumvi," nikamjibu. Alama zake nimempa mbili kwa kumi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Jua. Delmar amevuna mpaka giza. Simu kumi na moja.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimefanya jambo ambalo sijui kama ni zuri.

Jolene Haskett, mwanamke anayemfanyia kampeni Gavana Dunne katika kaunti yetu, alipita kuchukua orodha ya wanachama. Alinikuta namenya viazi vya chakula cha kanisa, gunia zima. Hakuuliza. Alivua koti, akachukua kisu, akakaa. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, baba yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa Wisconsin, anamenya viazi kama mtu aliyezaliwa na kisu.

Tuliongea kwa muda wa saa mbili. Akaniuliza kuhusu hospitali, nami nikamweleza habari za Gaylen. Nilieleza yote. Hata lile ambalo Verla aliniambia mimi peke yangu baada ya mazishi: kwamba maumivu yalipoanza, Gaylen alimkataza kupiga simu. "Usiwasumbue watu na theluji hii, ni kiungulia tu." Naye akamtii. Dakika ishirini alikaa ukingoni mwa kitanda na simu mapajani.

Jolene alilia. Nami nililia. Viazi vikaisha.

Sasa nimekaa hapa najiuliza kwa nini nimesema. Ulimi hauna mfupa.

Jumapili, 16 Novemba

Gavana Dunne mwenyewe! Ukumbi wa kanisa baada ya ibada, watu zaidi ya sitini. Mtu mnene kiasi, tai imelegea, alikula sahani mbili na kuomba ya tatu. Kuhusu hospitali hakuahidi kuifungua yetu kwa jina, lakini alisema, "Hakuna mtu katika nchi hii anayepaswa kufa kwa sababu anaishi karibu na mahindi kuliko karibu na daktari." Watu walisimama wote.

Alipofika kwa Verla alimshika mikono yote miwili. Hawakuongea zaidi ya dakika moja. Verla alitoka pale macho mekundu, lakini uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijakiona tangu Februari.

"Alikuambia nini?" nikamwuliza.

"Alisema pole."

"Tu?"

"Arlys, unajua ni wangapi walioacha kuniambia pole?"

Alama tisa. Nimempigia Jolene nikamwambia jina langu waliandike upande wa Gavana.

Jumapili, 30 Novemba

Theluji ya kwanza. Simu hazikomi tangu habari ienee kwamba niko na Dunne. Watu wa Osgood wamenitumia barua ya kurasa sita kuhusu afya vijijini. Sijaisoma.

Jumanne, 9 Desemba

Naandika usiku huu, majirani wameshaondoka.

Leo ulikuwa mdahalo wa wagombea kwenye televisheni. Tulialika majirani, Verla alikaa kwenye kiti cha Delmar, amejifunika blanketi. Mwulizaji akataja hospitali za vijijini. Gavana Dunne akageukia kamera, akashusha pumzi, akasema kuna mwanamke Iowa, mji wa Holbeck, jina lake Verla, na mumewe aliitwa Gaylen.

Niliweka sahani chini.

Akasema Gaylen alipoanguka, Verla alipiga simu papo hapo. Kwamba alimpakata mumewe dakika arobaini na saba wakisikiliza upepo. Kwamba mwezi uliopita Verla alimshika mkono yeye Gavana, akamwambia, "Gavana, mume wangu alikufa akiutazama mlango. Usikubali mwingine afe hivyo."

Ukumbi mzima kule ukapiga makofi. Sebuleni kwangu hakuna aliyepiga.

Verla hakusema hayo. Hakupiga simu papo hapo. Na Gaylen hakuwa akitazama mlango, alikuwa amefumba macho, Verla aliniambia mwenyewe.

Jirani mmoja akasema, "Verla, umekuwa mtu maarufu," na mkewe akampiga kiwiko. Verla alikunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka kitini. Akanitazama mimi.

Hakuna mwingine aliyekuwa akijua. Ni mimi tu.

Jumatano, 10 Desemba

Verla hapokei simu.

Alhamisi, 11 Desemba

Hapokei.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimekwenda kwake. Alifungua mlango lakini hakunikaribisha. Nikamwambia pale pale kizingitini, nimesimama kwenye theluji, kwamba ni mimi niliyemweleza Jolene.

"Yote?"

"Yote, dada."

"Na zile ishirini?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo wanajua," akasema. "Wanajua, wakazikata wakazitupa. Na sasa atatokea mtu wa magazeti kwenda kuangalia kitabu cha simu za dharura, saa ngapi nilipiga, saa ngapi moyo ulianza, na nchi nzima itajua Verla Tjaden alimkalia mumewe akifa." Sote wawili ni akina Tjaden. Tuliolewa na ndugu wawili. "Mimi nilikupa siri, wewe ukaimenya na viazi."

"Dada, nisamehe."

"Nenda nyumbani, Arlys. Utashikwa na baridi."

Hata katika hasira ananifikiria baridi. Nililia njia nzima mpaka nikapita kona yetu bila kuiona.

Alhamisi, 18 Desemba

Alikuja mwandishi wa gazeti, kutoka mjini mbali. Mpole, viatu vibaya kwa theluji. Aliniuliza kama hadithi ya Gavana ni kweli.

Nilisimama na kikombe mkononi. Nikisema si kweli, ataanza kuchimba, na akichimba atafika kwenye zile dakika. Nikisema ni kweli, nimemsaidia Gavana kudanganya taifa. Nikamwambia, "Gari lilichukua dakika arobaini na saba. Hilo liandike." Akaniuliza na mengineyo je? Nikamwambia mkate wangu unaungua. Sikuwa na mkate kwenye oveni.

Alipoondoka Delmar alitoka chumbani. "Hata mimi nimenusa huo mkate," akasema. Kisha akaniwekea mkono begani, jambo ambalo si kawaida yake. Gaylen alikuwa mdogo wake.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kiti cha Verla kitupu. Delmar alisoma sala, akasahau katikati.

Jumamosi, 3 Januari

Saa nne asubuhi simu ikalia, nikadhani ni mmoja wa wale vijana wa kampeni.

"Bi Arlys, ni Dunne. Nimeambiwa nimekuumiza."

Nilikaa chini. "Hukuniumiza mimi, Gavana. Yale maneno dada yangu hakuyasema."

"Najua."

Nilitarajia abishe.

"Kwa nini basi uliyasema?"

"Kwa sababu nimesema takwimu za hospitali kwa miaka sita na hakuna aliyegeuza shingo. Nikasema Gaylen, nchi nzima ikanyamaza. Wiki hii wagombea watatu wametoa mipango ya hospitali za vijijini. Watatu, Bi Arlys. Mezani pao palikuwa patupu."

"Na zile dakika ishirini?"

Nilisikia gari likipita upande wake.

"Nilimlinda," akasema.

"Ulijilinda."

"Labda yote mawili."

Nikamwambia aache kuisimulia. Akasema ataacha. Akaniuliza kama niko naye bado. Nikasema sijui, na ndivyo ilivyo, sijui. Anachokitaka kwa ajili yetu ni kizuri. Mbaya ni njia. Au labda mbaya ni mimi niliyeifungua njia yenyewe. Nikikaa nikiwaza nafika hapo, kisha naanza upya.

Alhamisi, 8 Januari

Redioni, nikipasua kuni za jiko: Gavana Dunne, akiwa Dubuque. "Kuna mwanamke katika mji wa Holbeck..."

Nilizima. Siku tano tu, na ahadi imemshinda.

Jumamosi, 10 Januari

Nimesoma barua ya Osgood, kurasa zote sita. Hakuna hata mtu mmoja ndani yake mwenye jina. Inachosha kama kamusi. Lakini ukurasa wa nne unasema hasa gari la wagonjwa lenye muuguzi linagharimu nini kwa mwaka na nani anaweza kulilipa, na nikakumbuka kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akianza kutueleza siku ile tukiwa tumeziba masikio. Nimeisoma mara mbili. Nimempigia Jolene aondoe jina langu.

"Bi Arlys, zimebaki siku tisa," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mimi niliandika yote kama ulivyoniambia. Sikuongeza neno."

"Najua, binti yangu. Wala mimi sikuongeza. Ndiyo hivyo tena."

Jumatatu, 12 Januari

Barafu barabarani. Magari matatu mtaroni. Nimepanga viti vya ukumbi wa shule na Delmar, nikabandika majina ya wagombea kwenye kuta. Kwetu hakuna sanduku la siri: unasimama chini ya jina la mtu wako, jirani zako wakikuona. Kundi lisilofikisha asilimia kumi na tano linavunjwa, na watu wake wanatawanyika kwa wengine au wanakwenda kulala. Nilipobandika jina la Dunne nilifikiria nani atasimama chini yake, na nani atanitazama nikisimama kwingine.

Jumatatu, 19 Januari

Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Watu themanini na wanne. Nimewahesabu mara tatu, maana asilimia kumi na tano ya hao ni kumi na watatu na sikutaka makosa.

Verla aliingia saa moja jioni kasoro dakika tano, amevaa koti la Gaylen. Hatukuwa tumeongea tangu siku ile ya kizingitini. Alipita mbele yangu, akajiandikisha, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa Dunne. Kila mtu alimwona.

Nami nikaenda kwa Osgood. Tulikuwa kumi na mmoja, wengi walimu waliostaafu. Dunne alikuwa na arobaini. Delmar alibaki katikati ya ukumbi na wale ambao hawajaamua, mikono mfukoni.

Kila kundi lina haki ya mtu mmoja kusema kabla ya kujipanga upya. Kwa Dunne, Jolene alikuwa ameshaandaa mtu. Lakini Verla alitoka mbele, akamwambia, "Kaa, mwanangu, nitasema mimi."

Nikashika ukuta.

"Mnanijua," akasema. "Gavana alinisema kwenye televisheni. Amenisema vizuri kuliko nilivyo. Sikupiga simu papo hapo. Gaylen alikataa, nami nikamsikiliza, nikakaa dakika ishirini. Sasa mnajua, na hakuna mwandishi atakayewauzia habari hiyo." Alikunja mikono mirefu ya lile koti mpaka viganja vikaonekana. "Kila usiku nafanya hesabu. Ningepiga mapema angepona? Sijui. Ila nikishapiga, zile arobaini na saba hazikuwa zangu. Zilikuwa zao waliofunga hospitali. Gavana ana mdomo mrefu. Nimemsamehe, maana ndiye pekee aliyelitaja jina la mume wangu mbele za watu. Ninyi mliacha kulitaja ilipofika Pasaka. Mlikuwa mkiniona dukani mnageukia upande wa maharage."

Mzee mmoja alivua kofia.

Kisha ikawa zamu ya Osgood, na wenzangu wote kumi wakanitazama mimi. Baada ya maneno kama hayo mtu aseme nini? Nikasema, "Wangu nilimwuliza kama hospitali itafunguliwa. Akasema hapana. Nikamchukia miezi mitatu. Lakini katika wote waliokula mikate yangu, ni yeye peke yake aliyeniambia jambo nisilopenda kulisikia. Basi." Nikarudi mahali pangu. Ilikuwa hotuba mbovu.

Muda wa kujipanga upya ukaanza: kelele, kuvutana, watu wakiitana kwa majina ya utani ya shuleni. Delmar alikuja polepole, akasimama karibu nami.

"Kumi na wawili," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya mpishi, si kwa ajili ya Seneta."

Kumi na wawili. Tulihitaji mmoja. Nilitazama ukumbi wote na sikuweza kuzuia macho yangu yasiende kwa Verla. Naye alikuwa akinitazama. Nilijua angeweza. Alijua najua. Hakusogea, na wala sikumwita. Sikuwa na uso wa kumwomba dada yangu kitu kingine tena.

Dakika zikaisha. Ni kazi ya mwenyekiti kutangaza, kwa hiyo nilitangaza mimi mwenyewe: kundi la Osgood halikutimia, limevunjwa. Walimu wakaanza kuvaa makoti. Wengine wakaenda kwingine. Delmar akasema gari linahitaji kupashwa moto, akatoka.

Nilibaki nimesimama chini ya lile jina, na karatasi zangu.

Verla alivuta kiti cha kando yake. Miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, watu wakageuka. Nilivuka ukumbi nikakaa.

"Sikuombi umpende mtu wangu," akasema, macho mbele.

"Simpendi."

"Vizuri."

Jolene alikuwa akihesabu kundi lake kwa kidole, mmoja mmoja, midomo ikicheza. Arobaini na nne, arobaini na tano, arobaini na sita, Verla. Kidole kikafika kwangu, kikasita. Nikatikisa kichwa. Miaka ishirini na nane sijawahi kutoka kwenye ukumbi ule bila kuhesabiwa. Kidole kikaniruka. Verla aliona yote. Aliingiza mkono wake katika mkono wangu, mkono wa baridi kama chuma, akauacha humo mpaka nilipohitajika kwenda kutia sahihi.

Jumanne, 20 Januari

Dunne ametoka wa tatu jimboni, wanasema kampeni yake haitafika mwezi ujao. Osgood wa tano. Simu haijalia tangu alfajiri. Nimeinua mkono wa simu mara mbili kuona kama imekufa.

Saa mbili asubuhi Verla aliingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, akakung'uta theluji, akajimiminia kahawa. Akaniuliza kama najuta. Nikamwambia sijui. Akasema na yeye hajui.

Akanywa mpaka nusu kikombe. "Alhamisi saa tatu asubuhi bodi ya kaunti inakaa," akasema. "Watu watano tu, na watatu nilisoma nao. Nataka kwenda kuwauliza kwa nini gari la wagonjwa lilale maili arobaini wakati hapa kuna banda la zimamoto lisilo na kitu ndani. Sijui kuongea na watu wa bodi."

"Jana uliongea."

"Jana nilikuwa na hasira."

Nikamwambia nitakwenda naye. Akasema nivae koti zito, ukumbi wa kaunti hauna joto.